Je, tununue nyumba yenye bwawa la kuogelea Mbezi Beach, au tuchukue ya Goba isiyo nalo?

Baba Watatu aliandika:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni. Ninaomba ushauri wa watu waliokwisha kumiliki, kutunza au kuuza nyumba yenye bwawa la kuogelea, kwa sababu mimi na mke wangu tumelijadili jambo hili mpaka tumefika mahali pa kurudia maneno yale yale kila usiku.

Tumebakiwa na nyumba mbili. Ya kwanza iko Mbezi Beach, upande wa chini ya barabara kuu. Ina vyumba vinne na hati miliki yenye jina la muuzaji mwenyewe, na uani kuna bwawa lenye urefu wa mita nane na upana wa mita nne, ambalo kina chake kinaanzia mita moja na kuishia mita mbili. Ya pili iko Goba. Nayo ina vyumba vinne, uwanja wake ni mkubwa zaidi, haina bwawa, na bei yake iko chini ya ile ya kwanza kwa shilingi milioni 60. Fedha za nyumba ya Mbezi Beach tunazo, lakini tukiilipia tutabaki na akiba ndogo, na ndiyo maana ninataka kuzijua gharama zitakazofuata kabla ya kutia saini.

Nyumba hiyo imekaa bila mtu tangu mpangaji wa mwisho alipoondoka. Maji ya bwawa yamekuwa ya kijani kiasi kwamba sakafu haionekani, na dalali anasema kuwa ni suala la kutia dawa na kusubiri siku mbili tu. Pampu hatukuweza kuiwasha kwa kuwa mita ya LUKU haikuwa na uniti. Uani kuna kisima kirefu ambacho maji yake yana chumvi inayosikika mdomoni, na bomba la DAWASA limefika pia.

Watoto wetu wana umri wa miaka kumi na mmoja, minane na mitatu. Wa kwanza amejifunza kuogelea shuleni, ila mimi na mama yao hatujui. Mama mkwe wangu, ambaye hukaa nasi sehemu kubwa ya mwaka, amekwisha kutamka kwamba hataki kulala katika nyumba yenye shimo la maji, na wale wakubwa wawili wameanza kumwita mama kila jioni kumuuliza tunahama lini.

Ninaomba kufahamu gharama halisi za kila mwezi, namna ya kutambua kama bwawa lenyewe ni zima, kama inawezekana kuishi nalo kwa usalama tukiwa na mtoto wa miaka mitatu, na kama bwawa litatuongezea chochote siku tutakapotaka kuuza. Natanguliza shukrani.

Fundi Mabwawa alijibu:

Ndugu Baba Watatu, kazi yangu ni kujenga na kukarabati mabwawa ya majumbani kuanzia Msasani hadi Bunju, kwa hiyo nitajibu yale ya ufundi, na mengine nitawaachia wanaoyafahamu zaidi.

Rangi ya kijani isikutishe wala isikufariji. Huo ni mwani, unaoota pale klorini inapokwisha na maji yakasimama juani, na ni kweli kwamba hufa ukitiwa klorini nyingi, kuta zikapigwa brashi na maji yakachujwa mfululizo kwa siku kadhaa. Ubaya wake ni kwamba unaficha kila kitu ambacho mnunuzi anapaswa kukiona: nyufa, vigae vilivyobanduka, hali ya kifuniko cha tundu la chini, na michirizi ya kutu ambayo maana yake ni kwamba maji yamekwisha kuzifikia nondo ndani ya zege. Sharti lako la kwanza kwa muuzaji liwe kwamba ayasafishe maji hayo kwa gharama yake, kwa kutumia pampu na chujio vilivyopo pale, na siyo vya kuazima, kisha ndipo uende kukagua. Akikataa, chukulia kwamba unauziwa bwawa bovu na utoe bei ya bwawa bovu.

Asikuambie, hata hivyo, kwamba atalimwaga lote ili ulione vizuri. Mbezi Beach ya chini ina maji ya ardhini yaliyo karibu, hasa wakati wa masika kati ya Machi na Mei, na bwawa tupu lililozungukwa na udongo uliojaa maji husukumwa juu na maji hayo. Nimekwisha kuona zege zima likiinuka upande mmoja na kukata mabomba yote yaliyopita chini yake, na kazi ya kulirudisha haikuwezekana, lilivunjwa. Mabwawa yaliyojengwa kwa uangalifu huwekewa vali ya kupunguza mgandamizo kwenye sakafu, lakini vali iliyokaa miaka bila kuguswa si kitu cha kukitegemea. Bwawa humwagwa kiangazi, tena baada ya kuchimba shimo dogo pembeni na kuona maji ya ardhini yako kina gani.

Maji yakishakuwa meupe, fanya kipimo cha ndoo, ambacho hakina gharama yoyote. Jaza ndoo maji ya bwawa, iweke juu ya ngazi ya kushukia ili sehemu yake kubwa iwe imezama, weka alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo na nyingine nje yake, zima pampu, kisha rudi baada ya saa 24. Jua na upepo vinapunguza maji ya ndoo na ya bwawa kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo maji ya bwawa yakishuka zaidi ya yale ya ndoo, tofauti hiyo ndiyo inayovuja. Rudia kipimo hicho siku ya pili pampu ikiwa inafanya kazi, kwani kuna mabomba yanayovuja pale tu yanapopata presha. Bwawa la ukubwa huo lina eneo la mita za mraba 32, na kwa hali ya hewa yetu ya pwani unaweza kukadiria kwamba linapoteza milimita tano hivi kwa siku kwa mvuke, yaani lita 160, au karibu lita 5,000 kwa mwezi. Hayo hayaepukiki. Lakini uvujaji wa sentimita moja tu kwa siku ni lita 320 nyingine, na mwezi ukiisha utakuwa umepoteza ujazo wa boza la lita 10,000, huku ukilowanisha msingi wa nyumba yako mwenyewe.

Kuhusu umeme, pampu ya nguvu ya farasi moja hula karibu kilowati moja. Maji ya bwawa zima, ambayo kwa vipimo ulivyotoa ni kama lita 48,000, yanahitaji kupita kwenye chujio angalau mara moja kwa siku, na hiyo kwa kawaida ni saa sita hadi nane za kuwasha pampu. Saa nane ni uniti nane kwa siku, uniti 240 kwa mwezi, na kwa bei ya mtumiaji wa kawaida wa nyumbani, ambayo pamoja na kodi na tozo inakaribia shilingi 356 kwa uniti, unazungumzia shilingi 85,000 hivi. Kama mnakoishi sasa mko kwenye kundi la matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, mjue kwamba bei ile nafuu hamtaipata tena, kwa sababu pampu peke yake inakula mara tatu ya kiwango hicho.

Dawa ni jambo la kila siku, na hapa ndipo wengi huchoka. Klorini inatakiwa ibaki kati ya miligramu moja na tatu kwa lita, na pH kati ya 7.2 na 7.8, pH ikipanda juu ya hapo, klorini ipo ndani ya maji lakini haifanyi kazi yake, na mwenye bwawa huendelea kumimina unga akidhani ameuziwa dawa iliyochakachuliwa. Ukitumia klorini ya unga ya asilimia 65, tarajia kati ya kilo nne na saba kwa mwezi kwa bwawa lako, na zaidi kidogo mvua zinapokuwa nyingi au wageni wanapojaa. Vidonge vikubwa vinavyoyeyuka polepole vinarahisisha kazi, kwa kuwa vina kiungo kinachoizuia klorini isiunguzwe na jua, lakini kiungo hicho hakitoki majini. Kinajilimbikiza mwezi hadi mwezi, na kikizidi miligramu 100 hivi kwa lita kinaidhoofisha klorini yenyewe. Hapo hakuna dawa ya kukiondoa, ila kumwaga sehemu kubwa ya maji na kujaza mengine. Nikikuta bwawa lenye klorini nyingi kwenye kipimo na bado lina mwani, jambo la kwanza ninalouliza ni vidonge.

Nimalizie na kisima. Maji ya chumvi ya visima vya ukanda wa pwani si sumu kwa bwawa, lakini yanakula ngazi za chuma, yanaharibu sili za pampu, na pale zege lilipo na ufa yanaziozesha nondo haraka kuliko maji ya bomba. Kama yana madini ya chuma, siku utakayotia klorini yatageuka kuwa ya kahawia mbele ya macho yako. Yapimwe maabara kabla hujaamua kwamba kisima hicho ndicho kitakachokuokoa na ankara ya maji. Bomba la DAWASA nalo ni zuri pale linapotoa maji. Sote tunakumbuka mgao wa mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua, na ukweli ni kwamba wakati wa mgao hakuna mtu mwenye akili zake anayejaza bwawa kabla ya tangi la nyumba.

Gharama za mtunzaji sikuzitaja kwa sababu watu hupatana kwa namna nyingi. Jambo moja tu: mtunza bustani aliyeonyeshwa mara moja siku ya kukabidhiwa nyumba si mtunza bwawa. Anayeshika klorini na asidi lazima ajue kwamba vitu hivyo viwili havichanganywi wala havihifadhiwi pamoja, kwani gesi inayotoka hapo inaua.

Mama Muuguzi alijibu:

Baba Watatu, mimi nitajibu swali lako la tatu peke yake, na nitalijibu bila kuzungukazunguka. Kwa familia uliyoieleza, bwawa hilo lisipozungushiwa uzio wake lenyewe kabla hamjahamia, msihamie.

Ninasema uzio wa bwawa, na siyo ukuta wa nyumba. Ukuta wa uani unawazuia watoto wa majirani, lakini mtoto wenu atatokea mlango wa jikoni. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne ndio wanaoathirika zaidi na vifo vya kuzama, na mtoto wa umri huo hazami kama watu wazima wanavyodhani, kwa kelele na kurusha mikono. Anateleza, anaingia, na hakuna anayesikia. Ndani ya dakika chache ubongo unaanza kuharibika kwa kukosa oksijeni, na dakika chache ndizo ambazo dada wa kazi anazitumia kwenda getini kumpokea mtu wa gesi.

Uzio unaofaa unazunguka pande zote nne, ukuta wa nyumba usihesabiwe kuwa upande mmojawapo kama una mlango au dirisha linalofunguka kuelekea majini. Urefu wake usipungue mita 1.2, fito zake ziwe za wima ili mtoto asipate pa kukanyaga, na nafasi kati ya fito isizidi sentimita kumi. Geti lijifunge lenyewe, lifunguke kuelekea nje ya eneo la bwawa, na komeo lake liwe juu mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Kisha msiweke kiti, chungu cha maua wala tangi la gesi karibu yake. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2003 ya kuwalazimisha wenye mabwawa ya majumbani yaliyochimbwa ardhini kuweka uzio, king'ora, kifuniko au banda la kulifunika. Kwetu huwezi kungoja kulazimishwa.

Jambo la pili ni kwamba wewe na mama watoto hamjui kuogelea. Basi mkiamua kununua, wa kwanza kuandikishwa mafunzo muwe ninyi wawili, kabla ya yule wa miaka minane. Maboya ya mikononi na yale ya umbo la bata ni vitu vya kuchezea. Mjifunze pia namna ya kumhudumia aliyezama, kwa sababu bado ninawaona watu wanaomning'iniza mtoto kichwa chini au kumkamua tumbo ili maji yatoke, wakipoteza muda ambao walipaswa kumpulizia hewa na kumkandamiza kifua huku mwingine akipiga simu 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112 ya dharura.

Kuna na mbu. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na mwingine mwaka 2019, na bwawa lililotelekezwa kama hilo mliloliona ni mazalia tosha. Lakini hata linapotunzwa, tazameni vitu vinavyolizunguka: turubai la kufunikia linaloshika maji ya mvua, ndoo za dawa zilizoachwa wazi, kisanduku cha pampu chenye maji chini. Mbu wa dengi hupenda vyombo vidogo vya namna hiyo.

Mama mkwe wako msimcheke. Katika nyumba hiyo yeye ndiye atakayeshinda na mtoto.

Mwenyeji wa Nyali alijibu:

Kaka yangu wa Dar, nakusalimu kutoka Mombasa. Nimewasoma Fundi na dada Muuguzi na sipingani nao, ila ninaogopa utaondoka hapa ukidhani kwamba bwawa ni msiba. Sisi tunalo la ukubwa karibu na huo, tunalitumia karibu kila jioni, na watoto waliokulia humo sasa wanaogelea baharini bila kushikwa mkono.

Shida ya maji hapa kwetu mnaijua. Tumezoea visima vya chumvi na mifereji inayokauka, kwa hiyo tulijipanga kwa namna nyingine. Maji ya mvua ya paa lote yanaelekezwa kwenye tangi la chini ya ardhi, na hayo ndiyo yanayorudisha kile kinachopotea kwa mvuke. Pampu ya zamani iliyokuwa ikizunguka kwa kasi moja tuliiondoa, tukaweka ya kasi inayobadilika. Watu wengi hawaamini wanapoambiwa kwamba pampu ikizunguka kwa nusu ya kasi yake inahitaji takriban sehemu moja ya nane tu ya nguvu, lakini ndivyo ilivyo. Maji yanachujwa polepole kwa saa nyingi zaidi, na bado ankara inashuka sana. Tukaongeza paneli za jua, na kwa kuwa bwawa huchujwa mchana, jua na pampu vinakutana saa zilezile bila kuhitaji betri kubwa.

Kuna watakaokushauri uweke mashine ya kutengeneza klorini kutokana na chumvi. Ni nzuri kwa macho na ngozi, ila haikuondolei kazi ya kupima pH, inataka chumvi ya gramu tatu hadi nne kwa lita, na seli yake ikichakaa bei ya kuibadilisha itakufanya ukae kitako. Kwa mtu anayebaki na akiba ndogo, mimi singeanza nayo.

Swali ambalo ningewauliza ninyi ni nani hasa ataogelea, na saa ngapi. Kama mnatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku kwa sababu ya foleni, na watoto wanarudi na basi la shule wakiwa hoi, basi bwawa litatumika Jumapili na siku ya Idi au Krismasi, ndugu wanapokuja na watoto wao. Tazameni pia madirisha ya ghorofa za majirani. Mimi nilipanda mianzi upande mmoja kabla ya kuingia majini kwa raha. Mke wako na mama mkwe wako wana haki ya kuulizwa jambo hilo.

Mthamini Mstaafu alijibu:

Nitachangia kwa ufupi juu ya thamani. Tofauti ya milioni 60 kati ya Mbezi Beach na Goba msiihesabu kuwa ni bei ya bwawa, kwa sababu ndani yake kuna ardhi, umbali na barabara. Mtafuteni mthamini aliyesajiliwa, mwombeni athamini nyumba ya Mbezi Beach na kuonyesha peke yake kiasi anachokipa bwawa. Mara nyingi mtakuta kwamba bwawa linathaminiwa kwa gharama ya kulijenga upya ikitolewa uchakavu, na bwawa lililoachwa bila matunzo hubakiwa na kidogo. Wakati wa kuuza, soko linagawanyika. Masaki na Oysterbay wapo wapangaji wa kigeni wanaolitaka bwawa na kulilipia. Mbezi Beach wapo wanunuzi wanaolipenda na wapo, kama mama mkwe wako, wanaogeuza gari getini. Mnunuzi wa namna ya pili hakupi bei ndogo, haji kabisa.

Kwenye karatasi kuna mambo matatu yanayohusu bwawa moja kwa moja. Ombeni kibali cha ujenzi kilichotolewa na Manispaa ya Kinondoni na mwone kama bwawa limo kwenye michoro au liliongezwa baadaye. Kama kiwanja kinapakana na bahari au mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na mabwawa ndiyo hujengwa mwisho kabisa wa kiwanja, upande huohuo wa maji. Kisha ulizeni maji ya kuoshea chujio yanakwenda wapi, kwani yakielekezwa kwenye shimo la choo klorini inaua bakteria wanaosaga uchafu, na yakielekezwa kwa jirani mtarithi ugomvi wa muuzaji. Majirani haohao watakuambieni pia mafuriko yalifika wapi wakati wa vuli ya mwaka 2023, ile iliyokuja na El Niño.

Na kwa kuwa nimeona watu wakiliruka hili: kama muuzaji ana mke na hapo palikuwa nyumbani kwao, ridhaa ya mke iwe kwa maandishi.

Baba Watatu aliandika:

Nawashukuru sana wote. Nimemsomea mke wangu majibu yenu yote, na mama mkwe ameomba arudiwe kusomewa la Mama Muuguzi. Tumekubaliana kwamba nyumba ya Mbezi Beach tuipime kana kwamba haina bwawa, na kwa kipimo hicho bado tunaipenda kwa sababu ya shule na kazi zetu. Swali lililobaki ni la Fundi. Je, tukinunua na baadaye tukaona hatuwezi, inawezekana kulifukia, au kuligeuza kuwa tangi la maji ya matumizi? Na tukipata hitilafu kwenye ukaguzi, tunazungumzaje na muuzaji?

Fundi Mabwawa alijibu:

Kulifukia kunawezekana, ila si kumwaga kifusi tu na kupanda majani. Sakafu hutobolewa mahali kadhaa ili maji ya mvua yapate njia ya kushuka, kuta za juu huvunjwa kiasi cha nusu mita, kisha hujazwa kokoto chini na udongo juu yake kwa tabaka zinazoshindiliwa moja baada ya nyingine. Mkiacha sakafu bila kuitoboa mtakuwa na kinamasi kila masika. Na hapo juu pasijengwe chumba wala banda la gari, kwa sababu udongo utaendelea kushuka kwa miaka.

Tangi la maji ni wazo ambalo wateja wangu kadhaa wamelitamani, kwani lita 48,000 ni nyingi. Linahitaji mhandisi wa kuhesabu slabu ya kulifunika, nguzo za katikati, na mfuniko wenye kufuli, na maji yake yawe ya kufulia, kumwagilia na chooni, siyo ya kunywa. Gharama ya slabu hiyo ikikaribia ile ya kununua matangi ya plastiki ya ujazo mnaouhitaji kweli, basi nunueni matangi.

Kwa muuzaji, usiende na maneno, nenda na makadirio ya fundi yaliyoandikwa: pampu kiasi fulani, mchanga wa chujio, vigae, kuziba uvujaji, na uzio wa Mama Muuguzi uwe kwenye orodha hiyohiyo kwa sababu bila huo nyumba haikaliki kwenu. Omba jumla yake ipunguzwe kwenye bei, au mwanasheria wenu aandike kwenye mkataba kwamba sehemu ya malipo inabaki mpaka pampu ifanye kazi wiki mbili mfululizo na kipimo cha ndoo kipite. Wauzaji wengi watachagua kupunguza bei, kwa kuwa wanalijua bwawa lao.

Baba Watatu aliandika:

Tumeonana na dalali leo mchana. Tumempa masharti mawili ya kuanzia: maji yasafishwe kwa pampu iliyopo, na tupewe nakala ya kibali cha ujenzi pamoja na michoro. Uniti za LUKU za kazi hiyo tumekubali kuzinunua sisi. Mwenye nyumba ya Goba amekubali kutusubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Fundi Mabwawa alijibu:

Hapo mmefanya vizuri. Pampu ikiwashwa, uwepo mwenyewe, utazame geji ya presha juu ya chujio na uiandike namba yake siku ya kwanza na siku ya nne. Ikipanda kidogo kidogo, chujio linashika uchafu na kazi inaendelea. Isiposogea kabisa huku maji yakibaki ya kijani, mwambie fundi wao afungue chujio hilo mbele yako, maana yawezekana mchanga umegeuka jiwe na maji yanapita pembeni bila kuchujwa. Na kipimo cha ndoo mkifanye siku ambazo mvua hainyeshi.